Grosari, duka lisilouza unga

Mgeni mwenye Kiingereza chake safi akishuka Dar es Salaam, au Mwanza, au Mbeya, akaona ukutani kibao kimeandikwa GROCERY, atadhani amepata pa kununulia unga na nyanya. Akiingia atakuta viti vya plastiki vyenye nembo ya kampuni ya bia, friji lenye mlango wa kioo, kreti zimepandana hadi usawa wa dirisha, na dada atakayemtupia swali moja fupi: ya baridi au ya moto? Ya moto, kwa asiyejua, ni bia ambayo haijaonja friji. Unga hakuna. Nyanya kama zipo, ziko jikoni kwa nyuma, zinasubiri kukatwa kachumbari.

Sisi tuliokulia humo hatuoni ajabu. Grosari ni grosari. Ni ndogo kuliko baa, haina ukumbi wala jukwaa la muziki, na mara nyingi ni vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya mtu pamoja na kipande cha uwanja kilichoezekwa bati. Wateja wanajuana kwa majina na kwa timu, Simba huku, Yanga kule, na madeni yanaandikwa kwenye daftari la kaunta. Baba mwenye nyumba akiaga kwamba "napita grosari mara moja", hakuna atakayempa kikapu. Wachora vibao nao wamelizoea neno kila mmoja kwa matamshi ya kwao: GROSARI, GLOSARI, GROSALI, na wale wanaoshikilia tahajia ya Kiingereza. Mimi naandika grosari, kwa kuwa ndivyo wengi tunavyolitamka, na kwa kuwa neno lililofanya kazi mitaani miaka yote hii limeshalipa kodi ya kutosha kuandikwa Kiswahili.

Kuna watu linawakera. Utawasikia wakisema Watanzania tumeharibu neno la watu, kwamba grosari ni duka la vyakula, Wakenya wanajua, tazama, Nairobi grosari ni kibanda cha mama mboga chenye sukuma wiki na vitunguu, ni sisi tu tulioligeuza mahali pa kulewea. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa. Inadhani neno lilikuwa na maana tulivu huko lilikotoka, likaja kupotelea kwetu. Ukilifuata nyuma unakuta halikuwahi kutulia popote. Na si Tanzania pekee lilikoishia kwenye chupa. Limefanya hivyo Ireland, limefanya hivyo Marekani, na huko Marekani limemsumbua hadi mtu aliyekuja kuwa rais.

Maana yake ya kwanza kabisa haina uhusiano na chakula. Kilatini kina neno grossus, yaani kinene, kikubwa. Kilatini cha zama za kati kikazaa grossarius, Kifaransa cha kale kikawa na grossier, na Waingereza, waliotawaliwa na watu wa Normandy tangu 1066 na kurithi kwao maneno mengi ya sokoni na mahakamani, wakalifanya grocer. Huyo alikuwa mtu anayenunua na kuuza kwa mafungu makubwa. Muuza jumla, basi. Aliuza nini lilikuwa swali la baadaye. Ndiyo maana hadi leo dazeni kumi na mbili, yaani vipande 144, huitwa kwa Kiingereza gross. Asili yake ni Kifaransa, "dazeni nene". Kibao chetu cha JUMLA NA REJAREJA kingemshangaza grocer wa karne ya 14, kwa sababu yeye alikuwa jumla peke yake, rejareja ilikuwa ya wanyonge. Kwa hiyo mtu anayekaa grosari akaagiza bia moja anatumia jina la jumla kwa rejareja ya mwisho kabisa. Na anayekunywa konyagi ndiyo zaidi, maana hiyo humiminwa kwa toti.

Jumla ina tabia yake, na hapa ndipo neno linapoanza kunoga. Mwenye mzigo mkubwa ghalani anaweza kungoja, na anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei. Kiingereza kina kitenzi engross, ndugu wa tumbo moja na grocer, ambacho sokoni kilimaanisha kununua bidhaa yote iliyopo ili uje kuiuza kwa bei unayotaka wewe. Kiswahili hakihitaji maelezo marefu hivyo. Kinasema kulangua. Mwaka 1363, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, Bunge la Uingereza lilitunga sheria inayowalalamikia waziwazi wafanyabiashara waitwao grocers kwamba wanalangua kila aina ya bidhaa, wanapandisha bei ghafla kwa kula njama ndani ya chama chao, na bidhaa nyingine wanazificha mpaka ziadimike. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa kali: kila mfanyabiashara achague aina moja tu ya bidhaa, asiguse nyingine. Haikufanya kazi, ikafutwa upesi. Lakini ulanguzi wenyewe ulibaki kosa mbele ya sheria za Uingereza kwa karne nyingi. Sheria zilizotungwa na Bunge dhidi yake zilifutwa 1772, na mabaki yake 1844.

Mtanzania aliyekuwa mtu mzima mwaka 1983 akisomewa malalamiko hayo ya 1363 atadhani anasomewa gazeti la enzi zake. Kwanza ilikuja Operesheni Maduka ya 1976, serikali ilipotaka maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi zao zichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika. Wanaofunga wakafunga, lakini wa kufungua hawakuwa tayari kwa kasi ile ile. Kisha vita vya Uganda vya 1978 na 1979, kisha uhaba wa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya themanini sukari, sabuni, mafuta ya kula na hata chumvi vikawa vitu vya kupangiwa foleni. Aliyekuwa navyo chini ya kitanda alikuwa tajiri. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, ikatungwa sheria maalumu, na watu wa umri huo bado wanasimulia jinsi mali zilivyotupwa usiku wa manane na wenyewe, vitenge, redio, katoni za sabuni, kila mtu akiogopa kugongewa mlango. Neno la redioni lilikuwa mlanguzi.

Huyo mlanguzi, kwa Kilatini, ndiye grossarius. Sisemi hivi kwa kuchekesha tu. Kama ungemchukua karani wa mahakama ya London ya karne ya 14 ukampeleka kwenye ghala lililovamiwa Dar es Salaam mwaka ule, ukamuuliza mwenye ghala ni nani, angejibu bila kufikiri kwamba ni grocer, na angeongeza kwamba anajua kifungu cha kumshtaki. Wakati huo huo, mitaa michache kutoka hapo, watu walikuwa wamekaa grosari wakisubiri bia zifike.

Turudi London. Wauza jumla hawa walishika nini? Mwanzo, pilipili manga. Chama cha wauza pilipili kilikuwepo London tayari mwaka 1180, na tunakijua kwa sababu kilitozwa faini kwa kuendeshwa bila idhini ya mfalme. Mwaka 1345 wauza pilipili 22 waliunda udugu mpya, na udugu huo ndio uliokuja kuitwa Kampuni ya Grocers, ikapata hati ya kifalme mwaka 1428. Ipo hadi leo. Walipewa pia kazi ya kukagua viungo vyote vilivyoingia mjini na kuvichekecha ili kutoa mchanga, vijiti na takataka ambazo mawakala waliongeza kutafuta uzito. Kazi hiyo iliitwa garbling, na neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu gharbala, kuchekecha, kwa kuwa viungo vilipitia mikono ya Waarabu kabla ya kufika Venice na London. Dawa za hospitali nazo zilikuwa chini yao, kwa sababu mdalasini na tangawizi vilikuwa dawa kabla ya kuwa viungo vya pilau. Wauza dawa walikaa humo hadi 1617 Mfalme James wa Kwanza alipowapa chama chao.

Nembo ya Kampuni ya Grocers ina vitu vyeusi vidogo tisa vilivyopangwa kuuzunguka mkanda mwekundu uliokunjwa kama paa la nyumba. Ni karafuu. Juu ya nembo yuko ngamia amebeba pilipili. Mtu wa pwani yetu akiiona hawezi kuipita kimya. Karafuu zile tisa, wakati nembo inabuniwa, zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, na hakuna mti hata mmoja wa mkarafuu uliokuwa umeota Unguja wala Pemba. Mikarafuu ilikuja kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said akaona faida, akahimiza mashamba, watumwa wakaletwa kwa maelfu kuyalima, na kabla ya nusu karne kupita Zanzibar ilikuwa inaongoza dunia kwa karafuu. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba haikuumia vile, ikachukua uongozi, na haijaurudisha. Na leo, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, duka la unga, sukari na mafuta huitwa "kwa Mpemba". Likiwa si kwa Mpemba basi ni "kwa Mangi", cheo cha machifu wa Kilimanjaro kilichofutwa pamoja na utawala wa machifu baada ya uhuru, kikapata ajira mpya nyuma ya kaunta. Mteja hamuulizi mwenye duka kabila lake. "Mangi, nipe sukari robo," na Mangi mwenyewe anaweza kuwa Mkinga.

Hivyo maduka ya vyakula ya kwetu tayari yalikuwa na majina, na majina mazuri. Hili nitalirudia baadaye kwa sababu ndilo linaloeleza mambo. Kwanza nimalize habari ya chupa.

Ukitazama bidhaa za grocer wa Uingereza karne ya 18 na ya 19, utaona zote zina sifa moja: zimekuja kwa meli. Chai, kahawa, sukari, viungo, zabibu kavu, mchele. Maziwa, nyama na kabichi alivitafuta mteja kwingine, kwa watu wa jirani. Mvinyo nao ulikuja kwa meli, ukalala ghalani, haukuoza, ukavumilia kusubiri mteja. Ulikuwa bidhaa ya grocer kwa tabia hata kabla ya kuwa hivyo kwa sheria. Sheria ikafuata: mwaka 1860 na 1861, Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, maduka ya vyakula ya Uingereza yakafunguliwa njia ya kupata leseni nafuu na kuuza chupa za mvinyo za kubeba nyumbani. Wapinga pombe walipiga kelele sana. Malalamiko yao yalikuwa kwamba mwanamke asiyethubutu kuonekana baa sasa atanunua chupa pamoja na chai, na mumewe atalipa bili bila kujua. Ireland walikuwa na leseni yao, ya "grocer wa vileo", aliyepaswa kuuza chupa ikanywewe kwingine, na kelele za huko zilikuwa kwamba watu wanainywa humo humo, kati ya magunia. Hadi leo katika miji midogo ya Ireland kuna baa ambazo upande mmoja wa kaunta zinapanga majani ya chai na viberiti.

Uskoti walikwenda mbali zaidi. John Walker alikuwa mwenye duka la vyakula mjini Kilmarnock, lililofunguliwa 1820. George Ballantine alianza na duka la vyakula Edinburgh mwaka 1827. Ndugu wawili wa ukoo wa Chivas walikuwa wenye duka la vyakula Aberdeen. Hawa hawakuwa watu wa kiwanda. Walikuwa watu wa kaunta waliozoea kuchanganya aina za chai ili kila pakiti iwe na ladha ile ile, wakahamishia ujuzi huo kwenye wiski, ambayo kila pipa lilikuwa na tabia zake. Kwa hiyo zile chupa za bei kubwa zilizo rafu ya juu ya grosari yetu, zinazofutwa vumbi kuliko zinavyofunguliwa, zina majina ya wauza chai na sukari. Wamo mahali pao.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Marekani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kusini na magharibi mwa nchi hiyo, neno grocery lilikuwa limeshageuka kabisa. Lilimaanisha kibanda cha kunywea pombe. Sababu haikuwa ngumu: duka la mpakani mwa makazi mapya liliuza kila kitu, na kitu kilichouzwa haraka kuliko vyote kilikuwa kwenye pipa. Tarehe 21 Agosti 1858, mjini Ottawa katika jimbo la Illinois, Abraham Lincoln na Stephen Douglas walisimama mbele ya maelfu ya watu kwa mdahalo wao wa kwanza wa kugombea useneta. Jambo kubwa lililokuwa mezani ni utumwa. Douglas, katikati ya hotuba, akakumbusha kwa tabasamu kwamba zamani walipofahamiana yeye alikuwa mwalimu wa shule na Lincoln alikuwa mwenye grocery iliyostawi pale New Salem. Msikilizaji wa leo angeona ni sifa: kijana mchapakazi, muuza unga. Watu wa Ottawa wakacheka, maana walisikia "mwenye kilabu".

Lincoln akalazimika kujibu. Akasema isingekuwa dhambi kubwa kama angekuwa nayo, ila hakimu huyu, yaani Douglas, aliyewahi kuwa hakimu, amekosea, Lincoln hajawahi kuwa na grocery popote duniani. Akaongeza kwa uchokozi wake kwamba ni kweli aliwahi kufanya kazi mwishoni mwa majira fulani ya baridi kwenye mtambo mdogo wa kutengeneza pombe, huko bondeni. Ukweli wa duka lenyewe upo kwenye kumbukumbu. Aliliendesha New Salem na mwenzake aitwaye William Berry, na Machi 1833 likapatikana kibali kwa majina ya Berry na Lincoln cha kuuza vileo kwa kipimo. Wanahistoria wameshabishana sana kama Lincoln mwenyewe alihusika na kibali hicho. Duka lilikufa, Berry akafariki 1835, na Lincoln akabaki analipa madeni miaka mingi. Mimi linalonivutia ni kwamba mbele ya umati ule hakuna aliyehitaji kufafanuliwa neno. Mwanasiasa wa Tanzania akimtupia mwenzake jukwaani kwamba "huyu nilimjua akiwa na grosari", kicheko kitakuwa kile kile, kwa sababu ile ile.

Marekani baadaye waliliosha. Kufikia karne ya 20 neno lilikuwa limerudi kwenye unga na makopo, na mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua Memphis duka la Piggly Wiggly ambamo mteja alijichukulia vitu mwenyewe rafuni badala ya kumwagiza mtu wa kaunta. Supamaketi zote za leo ni wajukuu wake.

Sasa kwa nini kwetu liliangukia chupa likabaki hapo? Mimi naona jibu liko kwenye yale majina niliyoyataja. Neno la kigeni linapoingia lugha, linatafuta kiti kilicho wazi, na katika biashara ya chakula viti vyote vilikuwa na watu.

Duka lilikuwepo zamani. Limetoka Kiarabu, dukkān, ambalo kabla ya kuwa chumba cha biashara lilikuwa benchi la kujengwa, jukwaa la mawe alilokalia muuzaji na bidhaa zake, kitu ambacho Mswahili angekiita baraza. Wahindi wanalo, Waturuki wanalo, Waganda wanasema dduuka. Reli ya Uganda ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, mfanyabiashara Allidina Visram, aliyeanzia Bagamoyo na Zanzibar akiwa kijana mdogo kutoka Kutch, alieneza maduka yake njia nzima hadi Kampala, na neno likafika kwa watu ambao hawakuwahi kuona bahari. Sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni, unga: hivyo vyote ni mali ya duka, na hakuna Mtanzania anayehitaji neno jingine kwa hilo.

Mboga zina genge. Genge ni neno la ajabu kidogo kwa sababu lina sura mbili zisizofanana, genge la majambazi na genge la nyanya. Sura ya kwanza ni gang ya Kiingereza, kundi la watu. Na kwa kuwa mashamba ya mkonge na kazi za reli ziliwapanga vibarua kwa makundi, na kwa kuwa penye kundi la vibarua hapakosi mama mwenye sufuria na mwingine mwenye mafungu ya mchicha, sioni haja ya kwenda mbali kutafuta asili ya sura ya pili. Mahali pa genge pakawa genge. Leo kibarua hayupo, mafungu ya nyanya yapo, juu ya meza ya mbao, na dagaa pembeni. Nyama ina bucha, ambalo kwa Kiingereza ni jina la mtu, mwenye kuchinja, na sisi tukaligeuza jina la nyumba. Asili yake Kifaransa huhusishwa na bouc, beberu. Kwa hiyo anayekwenda bucha ya mbuzi ndiye mwenye kuiheshimu asili, wa ng'ombe amezidisha.

Ikabaki nini? Chupa iliyozibwa kiwandani. Pombe ya kienyeji ilikuwa na kilabu, neno ambalo kwa Waingereza wa mjini lilikuwa jumba la mabwana wenye magazeti na wahudumu waliovaa kanzu, likaja kuwa banda la komoni, wanzuki na ulanzi. Anayetaka kulia neno lililobadilishiwa maisha, alilie hilo kwanza. Vileo vya Kizungu havikuwa vya kilabuni. Serikali ya kikoloni ilibana Waafrika wasivifikie, hasa pombe kali, na vilikaa kwenye maduka ya Wahindi na Wagoa yaliyowahudumia Wazungu, maduka yenye siagi ya kopo, jibini, biskuti na chupa, ambayo ndiyo yaliyojiita kwa Kiingereza grocers. Mpita njia hakuwa na shida na siagi. Alichokiona dirishani, na alichokatazwa, ni chupa. Mpaka vizuizi vinaondoka, jina na chupa vilikuwa vimeshazoeana.

Halafu ikaja leseni. Sheria yetu ya vileo ya 1968 inatenganisha kibali cha kuuza chupa ikanywewe kwingine na kibali cha kunywea hapo hapo, na duka dogo linalouza soda na bia za kubeba ni jambo tofauti na baa. Lakini mteja aliyefunguliwa chupa ya baridi kwenye joto la Machi haendi nayo mbali. Anasimama mlangoni. Kesho anaegemea dirisha. Mwenye duka akiona hivyo anatoa kreti tupu ligeuzwe stuli, na kampuni ya bia ikipita inaleta viti. Kile kile ambacho Waairishi walilalamikiwa, kati ya magunia. Tofauti ni kwamba sisi magunia tuliyaondoa kupata nafasi ya meza.

Kenya ndiyo inayonithibitishia. Wenzetu walizipa chupa za kubeba jina jingine, "wines and spirits", na mtaani watu wakalikata likabaki "wines" tu. Chupa ilipopata kiti chake kule, grosari ikabaki huru, na mama mboga, ambaye hakuwa na genge la maana yetu, akaichukua. Pale Namanga, ambako mji mmoja umekatwa na mpaka, mwenye grosari wa upande wa kaskazini anaamka kabla ya adhana kupokea kabichi. Wa upande wa kusini anafungua mchana, anaanza na kreti. Mimi kati ya hao wawili namwonea huruma wa kabichi, kwa sababu zake zinaoza.